Jumuiya Ndogo Katika Mji Mkubwa: Tunajifunza Nini kwa Mayahudi wa Nairobi na Mbale?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa madrasa na wajumbe wa kamati za misikiti kutoka mikoa ya Iringa na Mbeya)

  



Wenyeji wetu wametutaka tuzungumze juu ya namna watu wa dini walio wachache wanavyoweza kujipanga na kudumu kati ya watu wa dini nyingine walio wengi. Jambo hili linatugusa. Katika nyanda hizi za juu, kuanzia Iringa, Mafinga na Makambako mpaka Mbeya na Tukuyu, sisi Waislamu ni wachache mbele ya ndugu zetu Walutheri, Wakatoliki na Wamoraviani. Tungeweza kutoa mifano ya miji ya pwani, lakini huko Waislamu ni wengi, na mwenye wengi hajui tabu ya mwenye wachache. Kwa hiyo tumechagua mfano ambao baadhi yenu hamkuutarajia: jumuiya za Mayahudi zilizoko Nairobi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda.

Tunaona nyuso zinageuka. Basi kwanza tuweke msingi.

Uadilifu kabla ya mengineyo

Qur'an Tukufu, katika Suratul Maida aya ya 8, imetuamrisha kwamba chuki juu ya watu fulani isitupelekee kuacha uadilifu. Katika Suratul Mumtahina aya ya 8, Allah (S.W.) ametueleza kuwa hatukatazi kuwatendea wema na haki wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini yetu wala kututoa majumbani mwetu. Na katika Suratul Hujurat aya ya 6 tumeamrishwa kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Aya tatu hizi ndizo mizani ya maneno yetu ya leo.

Dhuluma wanayofanyiwa Wapalestina ni dhuluma, na hatuirudishi nyuma kauli hiyo hata kwa hatua moja. Katika vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba 2023 wameuawa makumi ya maelfu ya watu, wakiwemo watoto wengi mno. Lakini vilevile, katika shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023 waliuawa vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo, watoto wa nchi hii, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Na tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Paradise huko Kikambala, kaskazini ya Mombasa, iliposhambuliwa kwa sababu wageni wake walikuwa Waisraeli, walikufa watu 13 mbali na washambuliaji. 10 kati yao walikuwa Wakenya. Asiyetenganisha baina ya serikali na mtu, na baina ya askari na mpita njia, mwisho wake humwaga damu ya jirani yake.

Aidha, kipo kitabu kinachoitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni, ambacho hudai kuwa wazee wa Kiyahudi walikutana kwa siri kupanga kuitawala dunia. Sisi tuliosoma kwa Kiarabu tumekiona kikiuzwa kwa lugha hiyo, na baadhi ya wahubiri hukitolea ushahidi juu ya mimbari. Kitabu hicho kilichapishwa kwanza nchini Urusi mwaka 1903. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilithibitisha kwamba sehemu kubwa ya maneno yake imenyakuliwa kutoka katika kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864, kilichoandikwa kumshambulia mtawala Napoleon III na ambacho hakikuwa na habari ya Mayahudi. Enyi wanafunzi wa elimu ya Hadithi! Habari ambayo mpokezi wake hajulikani na matini yake imeibwa, nyinyi mnaiitaje? Mnaiita maudhui, yaani ya kuzushwa. Basi umma uliobuni elimu ya kuwachuja wapokezi hauwezi kujenga hoja zake juu ya uzushi, hata kama uzushi huo unamlenga mtu tusiyempenda.

Walivyofika Nairobi

Mwaka huo huo wa 1903, waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Uzayuni, pendekezo la kuwapa Mayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya ya Mashariki ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu. Mpango huo umezoeleka kuitwa mpango wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe leo imo Kenya. Hakuna aliyewauliza Wanandi wala Wamasai, wenye ardhi. Walowezi wa Kizungu nao, wakiongozwa na Lord Delamere, waliupinga, si kwa kuwahurumia wenyeji, bali kwa kuwa hawakuwataka Mayahudi jirani nao. Mkutano mkuu wa Wazayuni ulituma tume kuikagua ardhi, na mwaka 1905 ukalikataa pendekezo. Mwaka huo huo Waingereza walimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa upinzani wa Wanandi. Hii ndiyo desturi ya mkoloni: hugawa asicho nacho kwa anayemtaka.

Lakini Mayahudi wachache walikwisha kufika kwa njia zao wenyewe. Mmoja wao, Abraham Block, aliyezaliwa Lithuania, alikuja kutoka Afrika Kusini mwaka 1903. Kazi zake za mwanzo zilikuwa ukulima na kushona magodoro ya majani. Mwaka 1927 ndipo alipoinunua hoteli ya Norfolk. Wengi humtaja kwa hoteli zake. Sisi tunataka mtazame kilichotangulia hoteli. Mwaka 1904, Nairobi ikiwa bado mji wa mabati na matope kando ya reli, watu hao wachache walianzisha jumuiya ya ibada. Mwaka 1912 waliweka jiwe la msingi la sinagogi, yaani nyumba yao ya ibada, na mwaka 1913 ikafunguliwa. Mwaka 1955 ikafunguliwa kubwa zaidi, ambayo mpaka leo iko karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa kulinganisha, ndugu zetu Waislamu wa Nairobi waliujenga Msikiti wa Jamia kati ya mwaka 1925 na 1933, na hao walikuwa wengi kuliko Mayahudi mara nyingi.

Hesabu ya watu kumi

Ni kitu gani kiliwashika pamoja? Kwa Mayahudi wanaofuata mwendo wa kale, kama walivyo wa Nairobi, baadhi ya ibada hazisimami mpaka wapatikane wanaume kumi waliotimiza miaka 13. Akidi hiyo huitwa minyani kwa Kiebrania. Bila ya hao kumi, Taurati haisomwi hadharani, wala mfiwa hawezi kusoma dua maalumu ya kumkumbuka mzazi wake.

Tafakarini maana yake katika mji wenye familia chache. Kila mmoja ana uzito. Asipofika wa kumi, tisa hukaa wakimngoja. Asiyeonekana wiki mbili huulizwa, kwani pengo lake linaonekana kwa macho. Sheria yetu imetufanyia wepesi: swala ya jamaa husimama kwa watu wawili, na katika idadi ya Ijumaa wanavyuoni wamehitilafiana, Mashafii wakisema 40. Wepesi huo ni rehema. Lakini rehema isigeuzwe kisingizio. Muislamu anahama Iringa mjini kwenda Ipogolo, au Mwanjelwa kwenda Uyole, mwaka unapita, na msikiti alioswali hauna mtu mmoja aliyeuliza: ndugu yetu yu wapi?

Jambo la pili ni maiti. Katika jumuiya za Kiyahudi duniani kote huwepo kikundi cha kujitolea kiitwacho Hevra Kadisha, maana yake jumuiya takatifu. Kazi yake ni kuosha maiti, kumvisha sanda nyeupe isiyo na mapambo, tajiri na fukara sawasawa, na kuharakisha mazishi. Wanaume huosha wanaume, wanawake huosha wanawake. Uoshaji wenyewe huitwa tahara, na anayejua Kiarabu hahitaji kutafsiriwa. Vivyo hivyo mfuko wa wahitaji huitwa tsedaka, nasi twasema sadaka. Kwao kumhudumia maiti huhesabiwa ndio wema wa kweli kabisa, kwa sababu maiti hana uwezo wa kulipa fadhila. Na sisi tumepokea katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza, akaambiwa kuwa ni la Myahudi, naye akawakumbusha Maswahaba kuwa huyo pia ni nafsi.

Mtihani wa wakimbizi

Jumuiya hupimwa siku ya dhiki. Baada ya Hitler kushika madaraka Ujerumani mwaka 1933, Mayahudi walianza kutafuta mahali pa kukimbilia, na nchi nyingi ziliwafungia milango. Kenya iliwapokea mamia tu. Miongoni mwao alikuwemo mtoto Stefanie Zweig, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufika Kenya mwaka 1938. Baba yake alikuwa mwanasheria Ujerumani; Kenya alifanya kazi ya kusimamia shamba la mtu mwingine. Habari za familia hiyo Stefanie aliziandika katika riwaya iliyotoka mwaka 1995, na filamu yake ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Vita vilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliwakamata hata wakimbizi hao kwa kuwa walikuwa na uraia wa Kijerumani, yaani walifungwa kwa jina la adui aliyewafukuza. Wanaume walipelekwa kambini. Wanawake na watoto, akiwemo Stefanie na mama yake, waliwekwa hotelini Norfolk, ile ile ya Abraham Block.

Msidhani habari za wakimbizi wa vita hivyo ziko mbali nasi. Ifunda hapa Iringa, na Kidugala upande wa Njombe, palikuwa na kambi za Wapolandi waliokimbia vita, na kubwa kuliko zote nchini ilikuwa Tengeru, Arusha. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, lakini katika makaburi ya Wapolandi ya Tengeru wamelala pia Mayahudi wachache. Aliyezikwa ugenini akatambuliwa kwa dini yake alizikwa na watu waliojali. Asiyetambuliwa, jina lake hupotea na majani.

Mbale: walipokuwa maskini na kukatazwa

Huenda mtu akasema: hao walidumu kwa sababu ya mali. Hoja hii inasikika sana, na jibu lake liko Mbale, mashariki ya Uganda.

Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka nchi ya mashariki, kisha akakosana nao. Alijitenga na kanisa, akawa anasoma Agano la Kale, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Alipoambiwa kuwa hiyo ni desturi ya Mayahudi, alijibu kuwa basi yeye ni Myahudi. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, neno la Kiganda lenye maana ya Mayahudi. Kakungulu alifariki mwaka 1928, akaacha wakulima weusi, maskini, wasio na rabi wala undugu wa damu na Myahudi yeyote.

Kisha ukaja utawala wa Idi Amin, kuanzia mwaka 1971 hadi 1979. Ibada yao ilipigwa marufuku na masinagogi yao yakafungwa. Wengi waliingia dini nyingine, na inakadiriwa walibaki watu 300 hivi, walioswali kwa kificho. Hapa tuseme ukweli: Amin alijiita Muislamu, lakini kumlazimisha mtu aache dini yake si Uislamu, kwani Suratul Baqara aya ya 256 imekata shauri kuwa hakuna kulazimishana katika dini. Tusimvishe dhalimu kanzu yetu.

Baada ya Amin kuanguka, katika miaka ya 1980, vijana wao ndio walioifufua jumuiya. Hawakuanza na jengo. Walianza na kufundishana. Mwaka 2002 mamia kati yao walifanyiwa rasmi taratibu za kuingia dini hiyo mbele ya marabi waliotoka nje. Mmoja wa vijana wale, Gershom Sizomu, alisomea Marekani akawa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la Uganda. Leo Abayudaya hutajwa kuwa zaidi ya 2,000. Shule zao za msingi na sekondari husomesha pia watoto wa Kikristo na wa Kiislamu.

Na hili liwafae wakulima wa kahawa wa Rungwe na Mbozi waliomo humu ukumbini: mwaka 2004 J. J. Keki, mmoja wa viongozi wa Abayudaya, aliwakusanya majirani zake Waislamu, Wakristo na Mayahudi wakaunda chama cha ushirika cha kahawa kilichoitwa Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Waislamu wa Mbale hawakuacha dini yao kwa kupima kahawa katika mizani moja na Myahudi. Walipata bei bora, na kila mmoja akarudi kwenye ibada yake.

Ibra ya Nakuru

Upande wa pili wa mizani upo pia. Nakuru nako palikuwa na jumuiya ya Mayahudi yenye sinagogi yake. Baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963 familia nyingi zilihama, na jumuiya ile ikatoweka. Hao hawakukosa mali. Walikosa wa kumi. Nairobi yenyewe leo ina Mayahudi mia chache tu, wengi wao wageni wa kazi, lakini taa yao haijazimika, kwa sababu anayekuja anakuta utaratibu unamngoja: mahali pa kuswali, wa kumfundisha mtoto wake, na wa kumzika akifa.

Weka Nakuru na Mbale sambamba. Wenye mali walitoweka, maskini waliokatazwa wakadumu. Kumbe kinachoidumisha jumuiya ni faradhi zinazobebwa na watu wanaojulikana kwa majina, wala si fedha, nguvu au siri iliyopangwa gizani.

Wajibu wetu

Ndugu zangu katika imani, hatukuja kuwaambia muwaige Mayahudi katika ibada zao. Tuna dini iliyokamilika. Lakini faradhi kifaya ya kuosha, kukafini, kuswalia na kuzika maiti ni yetu kabla ya kuwa mfano wa mtu mwingine. Basi tunaweka mbele yenu mambo matatu.

La kwanza ni maiti. Barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia inapita katikati yetu, na kila mwaka inachukua roho Kitonga na Mlima Nyoka. Akifa pale dereva Muislamu kutoka Tanga, Mogadishu au Lubumbashi, ambaye hana ndugu hapa, ni nani atakwenda hospitali kumuulizia? Kila msikiti uwe na orodha ya waoshaji, wanaume na wanawake, wenye simu zinazopokelewa usiku, na sanda ziwe zimekwisha kukatwa na kuhifadhiwa. Kina mama wa Mafinga wasisubiri muoshaji atoke Iringa huku marehemu mwenzao amelala tangu asubuhi.

La pili ni mwalimu. Vijana wa Mbale waliifufua jumuiya kwa kufundishana. Mwalimu wa madrasa anayelipwa kwa shukrani tu atakwenda kulima, na ana haki ya kwenda, kwa kuwa watoto wake hawali shukrani. Kamati ipange kiasi, hata kikiwa kidogo, kilipwe kwa tarehe inayojulikana. Na mabinti wasome sawa na wavulana, kwani wao ndio madrasa ya kwanza ya watoto watakaozaliwa katika mji wa watu wengi wasio wa dini yao.

La tatu ni daftari na hati. Kiwanja cha msikiti kilichoandikwa kwa jina la mtu mmoja ni ugomvi unaosubiri kifo chake. Sheria ya nchi imeweka njia ya kusajili wadhamini kupitia RITA. Itumieni. Na daftari la waumini lionyeshe nani amehama, nani mgonjwa, nani mjane, ili anapokosekana mtu aonekane kuwa amekosekana.

Mambo haya hayahitaji mfadhili kutoka Ghuba wala kwingineko. Yanahitaji watu kumi wakweli katika kila mtaa. Anzeni Jumamosi hii, kabla ya kutawanyika, kwa kuandika majina ya waoshaji wa kila msikiti uliowakilishwa hapa. Karatasi iko mezani kwa katibu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mazuri, atupe uadilifu kwa tunaowapenda na tusiowapenda, awanusuru wanaodhulumiwa popote walipo, na atujaalie mwisho mwema tukiwa na wa kutuosha, wa kutuswalia na wa kutuombea. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.